Dragon Ball Z: Kakarot: wahakiki waliipa alama za wastani, mashabiki wakaikumbatia. Nani aliona sawasawa?

#1 Kobe_la_Kisiwani

Wakuu, habari za wikiendi.

Uzi huu ni wa wale waliokua na Goku, shujaa wa anime ya Dragon Ball, na mpaka leo hawajaweka pedi chini. Nataka tuiongelee Dragon Ball Z: Kakarot. Imeshakuwa na umri, vumbi limetulia, hakuna tena wa kupigia debe wala wa kuponda kwa hasira za wiki ya kwanza. Kinachonisumbua ni kwamba wahakiki na mashabiki walicheza kitu kimoja wakatoka na majibu mawili.

Kwa wageni: ilitoka Januari 2020 kwa PS4, Xbox One na PC. Waliotengeneza ni CyberConnect2 wa Japani, wale wale wa Naruto Ultimate Ninja Storm, na mchapishaji ni Bandai Namco. Switch waliipata Septemba 2021, PS5 na Xbox Series wakapata toleo lao Januari 2023. Si gemu ya ngumi ya watu wawili uwanjani kama FighterZ. Hapa unaipitia hadithi nzima ya Z, kuanzia adui wa kwanza, Raditz, anatua duniani hadi adui wa mwisho, Buu, anapigwa. Katikati unaruka angani, unavua samaki, unapika, unapanda levo, unajifunza mapigo mapya, unakusanya Dragon Ball zote saba na kumwita Shenron, joka la kutimiza maombi. Kwa kifupi ni RPG ya mapigano, yaani gemu ya kufuata stori huku ukimkuza mhusika wako kwa levo.

Kwenye Metacritic, tovuti inayokusanya alama za wahakiki, toleo la PS4 liliishia sabini na ushee kwa mia. Alama hiyo si ya aibu, ila haimfanyi mtu aamke usiku kwenda kununua. Na bado Bandai Namco walitangaza nakala milioni 1.5 ndani ya wiki ya kwanza, na huko Marekani gemu hii ndiyo iliyoongoza mauzo ya Januari 2020. Kwenye Steam, duka la gemu za PC, maoni ya wanunuzi ni mazuri tangu mwanzo mpaka leo.

Malalamiko ya wahakiki yalikaribia kufanana kila mahali. Kazi za pembeni ni za kutumwa dukani: niletee nyama, wapige hawa watatu, rudi uniambie. Ukiruka kutoka sehemu moja kwenda nyingine, maroboti na askari wa yule mtawala katili Frieza wanakurukia kila dakika hata kama una haraka zako. Mapigano yananoga mwanzoni, halafu unagundua kitufe cha ngumi ni kimoja na mbinu ni zile zile. Dunia yenyewe imekatwa vipande, kila ukivuka unasubiri ipakie. Mifumo ipo chungu nzima na hakuna uliochimbwa hadi chini.

Kwenye sifa nako walikubaliana. Mapambano makubwa ya hadithi, Gohan na Cell, Vegeta na Buu, Goku anapobadilika nywele kule sayari ya Namek, yametengenezwa na watu wanaolipenda jambo lenyewe. Na zile saa tulivu kati ya vita, baba na mwanawe wanatafuta chakula cha jioni kabla Raditz hajaja kuharibu kila kitu, hakuna gemu ya Dragon Ball iliyowahi kuzipa nafasi kiasi hicho.

Msimamo wangu ni huu: wahakiki waliyaona magonjwa yote bila kukosea, ila wengi walitaja dalili bila kutaja chanzo. Na mashabiki tulisamehe kwa sababu ambazo si zote za kujivunia. Wanaosema "wahakiki hawajui anime" waje na hoja nyingine, hiyo imechoka.

Karibuni.

---

#2 Senzu_Moja

Naweka kiti hapa mbele kabisa. Wajuzi waje.

---

#3 Nairobi_Saiyan

Mimi nitaanza na kutokubali. Sisi hapa Nairobi tuliichezea nyumbani kwa rafiki yangu, watu kama sita kwa sofa moja, tukipokezana pedi kila mtu akikufa. Na nakuhakikishia hakuna aliyeuliza mambo ya mfumo wala kina cha mfumo. Vegeta alipojilipua kwa sababu ya mwanawe Trunks na Bulma mama yake, nyumba yote ilinyamaza, na wote tulishajua kitakachotokea! Tumeiona hiyo sini tangu tukiwa watoto.

Sasa mhakiki aje aniambie hiyo ni saba kwa kumi kwa sababu nilitumwa kutafuta nyama? Hizo kazi za pembeni si lazima. Ziache. Fuata stori. Ukienda buffet ukajaza sahani kwa wali mweupe, usirudi kulalamika kwamba nyama iliisha.

---

#4 Bi_Pedi

Nairobi_Saiyan, kaka, umegusa penyewe bila kujua. "Ziache" ndiyo tatizo lenyewe.

Hebu angalia gemu inavyokugawia uzoefu wa kupandia levo. Ukimaliza pambano la stori unamwagiwa pointi nyingi kiasi kwamba unaruka levo kadhaa kwa mkupuo. Ukimaliza kazi ya pembeni unapewa chenji. Kwa hiyo mtu anayesaidia kila mwanakijiji na mtu anayepita moja kwa moja wanafika kwa Frieza wakiwa karibu sawa. Mazoezi hayana uzito. Sasa RPG ambayo kujituma hakubadilishi kitu, imebaki na nini cha RPG zaidi ya namba kwenye kona ya skrini?

Na hapo kwenye namba ndipo nina ugomvi wangu mkubwa, ambao sikuuona kwenye hakiki nyingi nilizosoma. Kumbukeni zile skauta, vile vioo vya machoni vya askari wa Frieza vinavyosoma nguvu ya mtu. Kazi yake kwenye hadithi ni nini? Ni kuwadanganya wanaoviamini. Raditz anasoma namba, anadharau, anaumbuka. Kikosi cha Ginyu, wapiganaji wateule wa Frieza, kinasoma namba ya Goku, kinacheka, halafu mmoja wao, Recoome, analala kwa pigo moja. Vioo vinalipuka. Toriyama, mtunzi na mchoraji wa hadithi hii, alitumia sura nyingi kutufundisha kwamba nguvu ya mtu haikai kwenye namba: inafichwa, inapanda kwa hasira, Msaiya, yaani mtu wa jamii ya Goku na Vegeta, akinusurika kufa anaamka na nguvu mara nyingi zaidi ya alizolala nazo.

Halafu Kakarot inakuja inaweka levo juu ya kichwa cha kila kiumbe. Namba hiyo haidanganyi kamwe. Ukiwa chini sana ya adui, ngumi zako hazimfanyi kitu. Ukiwa juu, unampitia angani kama hayupo. Yaani gemu imemvalisha mchezaji skauta na kumwambia aiamini. Wameubeba uso wa hadithi, mantiki yake wakaiacha Namek.

---

#5 Senzu_Moja

Bi_Pedi amekuja na kisu.

---

#6 Kobe_la_Kisiwani

Dada Bi_Pedi, hiki ndicho nilichokuwa nakitafuta niliposema chanzo. Na naongezea: ile hali ya kuumia na kuamka na nguvu mpya ipo kwenye gemu, ila unaangalia tu. Goku anatoka kwenye tanki la tiba Namek, sini inakuonyesha, levo inapanda yenyewe. Wewe mwenye pedi hukufanya chochote. Ingekuwaje kama gemu ingekupa sababu ya kuingia kwenye pambano ambalo unajua utapigwa? Zipo chache za namna hiyo, ila zote zimepangwa na stori, huzichagui.

Pamoja na hayo, mapambano ya wakubwa ninayatetea. Wengi walisema yanajirudia, na kwa maadui wa njiani ni kweli kabisa, wale maroboti hata ningelipwa nisingewapiga tena. Lakini wakubwa wana mashambulio ya kujaza eneo lote, wana wakati wa kuwaka na kutosikia ngumi zako, na inabidi ukwepe, usubiri, uingie. Pambano la Vegeta akiwa sokwe mkubwa lilinitoa jasho. Mhakiki aliyelipita kwa vyakula na dawa hakuliona, na silaumu: gemu inakuruhusu kunywa dawa mpaka ushinde.

---

#7 Sangoku_Goma

Ndugu zangu, salamu toka Goma. Niruhusuni nilete upande wetu kidogo, maana kila hakiki niliyosoma ilisema "itawakumbusha utoto", na mimi nauliza, utoto wa nani?

Huku kwetu Goku, tunayemwita Sangoku, alikuja kwa Kifaransa. Ufaransa walianza kumwonyesha 1988 kwenye Club Dorothée, kipindi cha watoto cha TV, na sisi wa nchi zinazoongea Kifaransa tukampata kwa njia hiyo, na sauti zile za Kifaransa ndizo zilizo kichwani mwetu. Kakarot ina maandishi ya Kifaransa, sawa, lakini sauti ni za Kijapani na Kiingereza tu. Vegeta anafungua mdomo, namsikia mtu mwingine kabisa. Ile sini ya kujilipua ambayo ndugu wa Nairobi anasema iliwanyamazisha, kwangu ilikuwa nzuri, lakini haikuwa yangu.

Kwa hiyo mimi niliihukumu kama gemu, nikiwa na baridi kidogo kifuani. Na nikiihukumu hivyo, alama ya sabini naiona ya haki. Hata ningeishusha.

---

#8 Nairobi_Saiyan

Sangoku_Goma, hii sikuwahi kuifikiria. Sisi tulikuwa na sauti za Kiingereza za Funimation ya Marekani, ndiyo maana tulilia. Heshima.

Lakini Bi_Pedi, kuhusu namba bado nakataa. Kila gemu ina namba. Kwenye gemu ya mpira EA FC kila mchezaji ana namba, na kila mtu anajua kuna yule wa sabini na tano anayekimbia kuliko wa tisini. Namba ni lugha ya gemu tu, si lazima iwe falsafa.

---

#9 Bi_Pedi

Kaka, umeniletea ushahidi wangu mwenyewe. Kwenye EA FC wa sabini na tano anaweza kumkimbiza wa tisini. Kwenye Kakarot jaribu kumpiga aliyekuzidi levo thelathini uje utuambie. Ningependa mno Kakarot ingekuwa kama EA FC kwenye hilo!

---

#10 Mchambuzi_Huru

Naona mjadala unakwenda kana kwamba Kakarot ilianza na karatasi tupu. Turudi nyuma kidogo.

Mwaka 2002 kampuni ya Marekani iitwayo Webfoot Technologies ilitoa The Legacy of Goku kwa Game Boy Advance. Nayo ilikuwa RPG ya mapigano, nayo inaanza na Raditz na inafika hadi Frieza. Ilichanwa vibaya na wahakiki. Mkono wa Goku ulikuwa mfupi mno, unamkaribia mbwa mwitu wa porini ili umpige ngumi, anakung'ata wewe kwanza. Goku! Anang'atwa na mbwa mwitu! Unaishia kurusha miali kwa mbali unakimbia.

Watu wale wale wakakaa chini, 2003 wakatoa ya pili, inayoanzia kwa Trunks hadi Cell. Wakakuruhusu kuwachezea Gohan, Piccolo, Vegeta na Trunks, wakarekebisha ngumi, wakaweka milango inayofunguka ukifika levo fulani kwa mhusika fulani. Levo ikawa na maana: unafanya mazoezi kwa sababu kuna mahali unataka kuingia. Wahakiki waliigeukia wakaisifia, na mpaka leo kuna mashabiki wanaoitaja kama RPG bora ya Dragon Ball. Ya tatu, Buu's Fury, ikafuata 2004.

Kwa hiyo Bi_Pedi yuko sahihi kwamba tatizo ni mantiki ya levo, ila si kwamba halitibiki. Lilishatibiwa kwenye kifaa cha kushika mkononi, miaka 17 kabla ya Kakarot. Kilichonishangaza kwenye hakiki za 2020 ni jinsi wachache walivyoikumbuka. Wengi waliilinganisha na Xenoverse ya 2015, ambapo unajitengenezea mhusika wako na kurekebisha historia. Ulinganisho huo si mbaya, ila ule mwingine ungetufundisha zaidi.

---

#11 Yamcha_Hafi

Samahani wakuu, mimi nimekuja kulia tu. Yamcha huwezi kumchezea. Krillin huwezi kumchezea. Tien huwezi. Wanakuja kama wasaidizi, unabonyeza, wanarusha pigo, wanarudi nyuma. Krillin aliyemkata Vegeta mkia nusura! Krillin aliyeuawa Namek ndiyo Goku akabadilika! Gemu ya hadithi nzima ya Z imemfanya kondakta wa daladala.

Nasubiri mhakiki aliyetoa alama kwa kosa hili.

---

#12 Senzu_Moja

Yamcha_Hafi jina lako linapingana na historia, Yamcha tunamjua alivyokufa.

---

#13 Yamcha_Hafi

Ndiyo maana nimelichagua mkuu.

---

#14 Mama_wa_Wawili

Jamani nami nichangie, ingawa Dragon Ball sijawahi kuiangalia. Nilinunua kwa ajili ya wanangu, wao wakahamia kwenye mpira, mimi nikabaki nayo. Nimeimaliza.

Kwa mtu asiyejua kitu, mwanzo ni mgumu. Watu wanatokea wanasalimiana kana kwamba mmeshajuana. Kuna dada anayepiga chafya na kubadilika tabia, kuna jitu refu la chuma linaloogopa hata kuua mdudu, wote wanamkumbatia Goku, mimi nakodoa macho. Baadaye ndiyo nikaambiwa hao ni wa hadithi ya kwanza, kabla ya Z. Gemu ina kamusi yake ndani, nikawa nasoma usiku.

Mlichokiita kazi za kutumwa dukani, kwangu ndiko nilikowajua hao watu. Wale maroboti wa angani wanaudhi, hilo sikatai. Ila yule Goku anayevua samaki amevaa mkia wa bandia, na Chi-Chi kumlazimisha atafute leseni ya gari wakati mume wake anaruka kuliko ndege, nilicheka hadi wanangu wakaja kuuliza kuna nini. Vita virefu ndivyo nilivyokuwa navisukuma viishe.

Kwa hiyo mgeni naye ana alama zake, na si lazima zilingane na za wahakiki wala zenu.

---

#15 Kobe_la_Kisiwani

Mama_wa_Wawili, asante sana kwa mchango huu, umeupindua uzi wangu kichwa chini miguu juu. Nilikuwa naamini mgeni angeshikwa na mapambano na kuchoshwa na maisha ya kawaida.

Hiyo ya leseni imo kwenye anime, wale waliotengeneza katuni waliiongeza wenyewe, kwenye manga ya Toriyama haipo. Goku na Piccolo wanakwenda shule ya udereva. Enzi zile watu walikuwa wanalalamika kwamba ni vipindi vya kujazia muda. Miaka thelathini baadaye ni kati ya vitu vinavyoifanya Kakarot ipendeze. CyberConnect2 waliwachukulia wale watu wa pembeni kwa uzito. Na Toriyama mwenyewe aliwachorea mhusika mpya kabisa, Bonyu, mwanamke aliyewahi kuwa kwenye kikosi cha Ginyu akaondoka, maana alichoshwa na yale mapozi yao. Kazi yake ni ndogo, ila kichekesho hicho ni chake Toriyama mtupu.

---

#16 Kibanda_cha_Gemu

Niwape la uwanjani. Mimi nina kibanda cha kuchezesha, PS4 nne. Wateja wanalipia kwa muda. Kakarot niliiweka nikaitoa.

Mteja ana nusu saa. Kwenye mpira nusu saa ni mechi kadhaa na matusi juu. Kwenye Kakarot nusu saa anaruka na Gohan kutafuta chakula, stori inaongea, muda umeisha, hajamwona hata Vegeta. Stori nzima inakula saa 30 hadi 40. Halafu akirudi kesho anakuta kuna mwingine ameendeleza pale alipoishia, ugomvi. Gemu ya ngumi ya Dragon Ball, Sparking Zero, ilipotoka Oktoba 2024 hao hao waliikimbilia, maana ukiwasha tu unapigana.

Sisemi ni mbovu. Ni gemu ya mtu mwenye mashine yake, na bando la kupakua hayo makumi ya GB. Kwa mashabiki wengi wa Dragon Ball ninaowajua mtaani, Kakarot ni video waliyoiona YouTube.

---

#17 Mchambuzi_Huru

Kibanda_cha_Gemu amesema jambo ambalo halimo kwenye alama yoyote.

Tuje kwenye nyongeza, vile vipande vipya vinavyouzwa baada ya gemu kutoka, maana mapokezi ya Kakarot hayakuishia Januari 2020. Zile nyongeza ni kama kuwatazama watengenezaji wakizisoma hakiki zao moja baada ya nyingine.

Ya kwanza, Aprili 2020, ni Beerus, mungu wa uharibifu, na mwalimu wake Whis. Hakuna stori ya kueleweka: unafanya mazoezi, unapanda levo, unakutana na Beerus wa levo 250. Ni lile gonjwa la Bi_Pedi, wakaliuza peke yake. Watu walinung'unika, na walikuwa na haki. Ya pili, Novemba mwaka huo, Frieza wa dhahabu na jeshi lake lote kwenye uwanja mmoja. Kupiga kundi kubwa la watu kwa pamoja kulileta ladha mpya, kwa muda.

Ya tatu, Juni 2021, ndipo walipoamka. Trunks wa wakati ujao, dunia iliyokwisha, Gohan mwenye mkono mmoja, Android wawili, binadamu waliogeuzwa mashine za vita, wanaoua kwa kujifurahisha. Stori ni fupi, nzito, inajitegemea. Mashabiki na wahakiki kwa mara ya kwanza walisema kitu kimoja. Kisha Januari 2023 akaja Bardock, baba yake Goku, na Agosti mwaka huo shindano la 23 la dunia, Goku kijana dhidi ya Piccolo. Februari 2024 ikafika ile ya Goku na Uub, miaka kumi baada ya Buu.

Mnaona walichojifunza? Waliacha kutuuzia levo, wakaanza kutuuzia vipande vya hadithi.

---

#18 Bi_Pedi

Nakubaliana na Mchambuzi, ila nyongeza ya Trunks nimeimaliza na namba zilikuwa pale pale juu ya vichwa. Walichofanya ni kupunguza muda wa wewe kuziangalia. Hiyo ni dawa ya maumivu.

Na kuna kitu kwenye Trunks kilichokaribia kabisa kuwa tiba: kule kuwaogopa Android. Gohan anamfundisha kijana akijua kwamba wote wawili hawatoshi. Kwa mara ya kwanza namba kubwa ya adui ilikuwa hadithi yenyewe, kwamba dunia hii imepoteza. Ndiyo maana ilinoga. Wangeifikiria hivyo tangu kwa Raditz, tungekuwa tunaongelea gemu nyingine.

---

#19 Nairobi_Saiyan

Ile ya Uub mimi niliimaliza siku chache kabla ya habari za Toriyama kufika. Alifariki tarehe 1 Machi 2024, dunia ikaambiwa wiki iliyofuata. Baada ya hapo niliona watu mtandaoni wakirudi kuinunua Kakarot ili tu warudi kukaa na Goku.

Ndiyo nasema, mtaniambia namba, mtaniambia skauta, na Bi_Pedi amenishinda kwa hoja, hilo nimelimeza. Lakini mtu akiniuliza ni gemu gani inamwonyesha Dragon Ball ni nini, sitampa FighterZ hata kama ngumi zake ni bora mara kumi. Nitampa hii.

---

#20 Sangoku_Goma

Na mimi nitampa hii pia, ndugu. Pamoja na sabini yake.

---

#21 Kobe_la_Kisiwani

Tukubaliane basi kutokubaliana kwenye alama, ila kwenye chanzo naona tumefika karibu. Mimi binafsi baada ya uzi huu naihamisha lawama: naiondoa kwenye kazi za pembeni, ambazo Mama_wa_Wawili amezitetea nikakosa jibu, naiweka kwenye namna levo zinavyogawiwa. Kazi ile ile ya kuvua samaki ingekuwa na utamu mwingine kama samaki huyo angekuwa ndiye sababu ya mimi kumshinda Nappa. Vyakula vya Chi-Chi vinaongeza nguvu za kudumu, mbegu ilikuwepo. Wakaifunika na mvua ya pointi za stori.

Aliyecheza nyongeza ya Dragon Ball Daima ya 2025 aje atuambie kama walibadilisha chochote hapo. Bado sijaigusa, nasubiri punguzo.

---

#22 Yamcha_Hafi

Krillin anachezeka kwenye hiyo?

---

#23 Senzu_Moja

Mkuu pumzika.

---

#24 Mgeni_Mpya

Habari wakuu, nimeusoma uzi wote mwanzo mwisho, nimeipenda hii gemu. Samahani, inaingia kwenye PS3?

---

#25 Kibanda_cha_Gemu

Haiingii mkuu. PS4 kwenda juu, Xbox One kwenda juu, Switch au PC. Kwa PS3 tafuta Xenoverse ya kwanza ya 2015, hiyo ipo. Na kama uko Dar njoo inbox, nina PS4 moja naiuza, pedi zake mbili nzima.